Jiwe la Marieta na Umri wa Mwezi

Münster, Ujerumani
14 Januari 2024

Shangazi Marieta,

Shikamoo. Natumaini hujambo na goti limepoa. Mimi mzima, ila baridi ya huku inauma masikio, na mvua haikatiki. Watu wanaendesha baiskeli humohumo kwenye mvua kama hawaioni. Baba alinipigia juzi kutoka Butiama. Mahindi yameingiliwa na viwavi, lakini ng'ombe wawili wamezaa. Wewe najua simu huipendi, unasemaga inaongea mbele za watu, ndiyo maana nakuandikia.

Shangazi, unajua nasomea mawe. Sasa nimepewa kazi yangu mwenyewe ya shahada ya uzamivu: kutafuta Mwezi ulizaliwa lini. Usicheke. Tunaitafuta hiyo tarehe ndani ya vimondo, yale mawe yanayoanguka kutoka juu.

Nimekumbuka kitu. Mwaka 2007, nikiwa darasa la nne, tulisikia mlio mchana kweupe pale Butiama, kama lori limemwaga kokoto juu ya bati. Baadaye baba alisema jiwe limeanguka kwako, Bugwema. Halafu habari hiyo sikuisikia tena. Jiwe lile lilikwenda wapi? Hata kipande kidogo kitanisaidia sana.

Nakusalimu kwa upendo,
Rhobi


Kigera, Musoma
19 Februari 2024

Rhobi mwanangu,

Marahaba. Barua imefika, bahasha imelowa pembeni ila maneno yamepona. Goti linasumbua asubuhi tu, nikishaanza kukanyaga cherehani linanyooka. Nina sare za kwaya arobaini na mbili za Pasaka, kitambaa cha zambarau kinateleza mkononi kama kambare. Jirani yangu Ursula amejifungua mtoto wa kike, mnene, analia mpaka barabarani. Sangara hawapatikani siku hizi, tunakula furu na dagaa, hatulalamiki.

Mwambie baba yako apige dawa mahindi, asingoje viwavi wachoke wenyewe.

Kuhusu jiwe, hakuna jiwe. Watu wanasemaga mambo mengi. Soma masomo yako, nenda kanisani, uvae soksi.

Shangazi yako,
Marieta


Münster
17 Machi 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Soksi nimevaa, mbilimbili. Mpe Ursula hongera zangu. Mtoto ameitwa nani?

Nilimuuliza baba kuhusu jiwe. Akasema, "Hilo muulize shangazi yako. Na umuulize kwa adabu."

Basi nauliza kwa adabu, na nieleze kwa nini nauliza. Zamani sana, Dunia yetu ikiwa bado changa, iligongwa na sayari nyingine yenye ukubwa kama wa Mirihi. Vilivyoruka vikabaki karibu vilikusanyika vikawa Mwezi. Lakini vipande vingine vilikimbia mbali sana, vikayapiga mawe makubwa yanayozunguka Jua kule nje. Vilipiga kwa kasi ya ajabu, mawe yale yakaungua, mengine yakayeyuka ndani. Kovu la kuungua halijafutika. Tukilipima kovu hilo lina umri gani, tunajua Dunia iligongwa lini, na hapo ndipo Mwezi ulipozaliwa. Wanaotumia mawe ya Mwezi wenyewe bado wanabishana. Vimondo vinaweza kuwa mashahidi wengine, lakini vinavyofaa ni vichache, na vingi vimekaa kwenye unyevu vikaoza kwa kutu.

Shangazi, je, jiwe hilo ndilo lililokuhamisha Bugwema? Mimi niliambiwaga ulihamia mjini kwa ajili ya ushonaji.

Rhobi


Münster
2 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Pasaka imepita, Pentekoste imepita, sijapata jibu. Baba anasema u mzima, ila nikikutaja anabadilisha mazungumzo.

Nimekosa. Niliuliza kama mtu wa ofisini. Kama habari hiyo inakuumiza, iache ilipo, nitafanya kazi na mawe mengine. Kabla ya mawe yote wewe ni shangazi yangu. Niandikie hata kunigombeza.

Rhobi


Kigera, Musoma
30 Juni 2024

Rhobi mwanangu,

Marahaba. Mtoto wa Ursula ameitwa Gloria. Sare ziliisha siku moja kabla ya Pasaka, wanakwaya walipendeza, mmoja tu nilimkosea kiuno.

Barua yako ya Machi niliipata. Niliiweka kwenye droo ya cherehani, nikawa naisoma na kuirudisha. Hukunikosea. Ni kwamba hayo maneno sijawahi kuyaandika popote, sikujua yaanzie wapi. Naanzia siku yenyewe.

Ilikuwa saa kumi alasiri, nimeanika udaga wa mihogo kwenye mwamba nyuma ya nyumba. Mjomba wako Amos, mume wangu, alikuwa ametimiza mwaka mmoja kaburini. Kwanza ulikuja mlio, mbuzi wakakata kamba. Halafu kitu kikapiga ardhi kama hatua ishirini kutoka niliposimama, udongo ukaruka ukanipiga usoni. Nikaenda kuangalia. Shimo la kadiri ya beseni, na ndani jiwe jeusi kama limepakwa masizi, kubwa kama kichwa cha mtoto. Nililishika. Watu wanadhaniaga linakuwa la moto. Halikuwa la moto.

Siku mbili baadaye Gody akashikwa na homa. Huyu alikuwa mtoto wa shemeji yangu Masanja, mdogo wake Amos, na mke wake Debora. Miaka mitano. Walimpeleka Bunda, akafia huko. Waliporudi na mwili, Masanja alisimama msibani mbele ya watu wote akaninyooshea kidole: "Huyu ndiye aliyeliita jiwe. Alimmaliza kaka yangu, sasa amemmaliza mwanangu." Rhobi, kaptula ya kwanza ya Gody niliishona mimi. Nilizuiwa nisiguse hata jeneza.

Asubuhi yake nilikuta mihogo yangu imeng'olewa yote na mlango umevunjwa. Mwenyekiti wa wakati ule akaniambia, "Mama, kwa usalama wako, ondoka." Baba yako akaja na pikapu ya kuazima. Nilipakia cherehani, kitanda, na jiwe.

Ndiyo. Jiwe ninalo. Limo kwenye sanduku la bati, limefungwa vitenge viwili. Siku ile tulipofika Mugango baba yako aliniomba tulitupe ziwani. Nilikataa. Nilimwambia, kitu kilichofanya niitwe mchawi sikitupi kabla sijajua kimetoka wapi.

Nitakupa. Ila mkikuta ni jiwe tu kama mawe mengine, uniambie hivyohivyo, usinifiche kwa huruma. Na mkikuta kitu, uniandikie kwa maneno ambayo naweza kuyasoma kwa sauti, mtu asiyesoma akaelewa.

Shangazi yako,
Marieta


Münster
22 Septemba 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kituoni nikisubiri basi. Basi likaja, likaenda, nikabaki pale. Sikujua. Nilikuwa nakuja likizo kwako kila Desemba, nakula samaki wako, na wala sikuwahi kujiuliza kwa nini hatuendi Bugwema hata Krismasi moja.

Jiwe limefika! Baba atakuwa amekueleza safari ya Dodoma na mambo ya kibali. Kule wamekata kipande cha kadiri ya mche wa sabuni, ndicho nilichopewa, kilichobaki amekurudishia. Nilipokifungua mbele ya profesa wangu, mama mmoja mkali ambaye hasifiagi kitu, alikigeuza, akakigeuza tena, akauliza, "Aliyetunza hili ni nani? Limekaa kavu miaka kumi na saba!" Nikamwambia ni shangazi yangu, fundi cherehani. Akasema mafundi cherehani wa nchi yenu wangepewa makumbusho wayatunze. Lingetupwa ziwani, sasa hivi lingekuwa kutu tupu.

Na lina kovu, shangazi. Ndani limepitiwa na mishipa myeusi, mahali lilipoyeyuka na kuganda. Lini, bado hatujui. Ndani ya jiwe kuna gesi inayojitengeneza yenyewe polepole, tunaiita agoni. Jiwe likiungua sana gesi yote inatoroka. Likipoa, gesi inaanza kujikusanya upya. Fikiria sufuria iliyofunikwa upya: tukipima kilichomo, tunajua mfuniko ulirudishwa lini. Ila kwanza vipande lazima viingie kwenye kinu cha nyuklia, halafu vikae miezi vipoe ndipo tuvishike. Hakuna njia ya mkato.

Kuna jambo moja hutalipenda. Kimondo hupewa jina la mahali kilipoanguka. Hiki, kikikubaliwa, kitaitwa Bugwema. Nimewauliza kama naweza kukiita Marieta. Wamekataa.

Rhobi wako


Kigera, Musoma
17 Novemba 2024

Rhobi mwanangu,

Marahaba. Huku mvua za vuli zimeanza, paa linavuja palepale panapovuja kila mwaka. Baba yako alipita hapa na maziwa. Amekonda, ila anacheka.

Bugwema! Majina yote ya duniani, hilo! Siku tatu sikukusamehe wewe wala hao waliokataa. Siku ya nne nikiwa nafua nikajisemea, kwani Bugwema ni ya Masanja? Amos amelala kule. Miaka kumi na mitatu nililima kule. Waiite. Na mimi ni mtu wa hukohuko.

Sasa sikia. Masanja amekuwa akililima shamba la Amos tangu nimeondoka. Baba yako amesikia mnadani Butiama kwamba mwakani anataka kulitoa kwa mtu aweke mashine ya kukoboa. Akishaligawa hivyo sitalipata tena. Nilikutana na mwenyekiti wa kitongoji wa sasa, kijana anaitwa Abraham, alikuja mjini kununua saruji. Nilimsimamisha palepale dukani. Aliniangalia kwa aibu akasema, "Mama, mimi nilikuwa mdogo, lakini wazee bado wanaamini. Nikikurudisha hivihivi watakuumiza." Nikamuuliza, "Na nikija na jibu?" Akasema, "Njoo nalo, nitaitisha mkutano."

Kwa hiyo hiyo gesi yako nisaidie kuiharakisha. Nataka jibu kabla ya masika. Na una uhakika haisemi uongo?

Shangazi yako,
Marieta


Münster
9 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo, shikamoo tena. Gesi haiharakishwi, lakini pia haisemi uongo. Tumepima mara tatu. Mara ya kwanza nilikaa chini sakafuni. Mara ya pili profesa alipima mwenyewe bila kunishirikisha. Mara ya tatu aliniita, akanipa mkono, kisha akanikumbatia, na watu wa maabara walitoka vyumbani kuja kuona kama ni kweli.

Chini hapa nimeandika ukurasa wa kusoma kwa sauti. Hakuna neno nililoliongeza kukufurahisha.

"Kwa watu wa Bugwema. Mimi ni Rhobi, binti Mseti wa Butiama. Nimelipima jiwe lililoanguka nyumbani kwa marehemu Amos mwaka 2007. Ni kimondo. Liliungua kwa pigo kubwa miaka bilioni nne na milioni mia nne na sabini iliyopita. Vimondo vingine vilivyopimwa, vilivyookotwa nchi mbalimbali, vina kovu la umri huohuo. Tunaamini ni alama ya siku ile Dunia ilipogongwa na Mwezi ukazaliwa. Jiwe hili halikutuambia hayo peke yake, lakini tarehe yake imekaa palepale mengine yalipo, na ni miongoni mwa yaliyotunzwa vizuri kuliko yote tuliyonayo. Pia tumepima lilibanduka lini kutoka kwa jiwe kubwa na kuanza safari ya kuja kwetu. Ni kama miaka milioni saba. Siku lilipoanza safari hapakuwa na Mjita, hapakuwa na Mkurya, hapakuwa na Mzungu. Hapakuwa na mtu yeyote duniani wa kuliita. Limetunzwa na Marieta Machage, na jina lake limeandikwa kwenye ripoti yetu ukurasa wa kwanza."

Nenda, shangazi. Natetemeka kwa ajili yako, lakini nenda.

Rhobi


Bugwema
30 Machi 2025

Rhobi mwanangu,

Marahaba, na uangalie juu hapo nimeandika niko wapi.

Baba yako ameanza kunenepa, maana jana amekula ugali mara mbili. Goti sina habari nalo. Gloria ameota meno manne. Hizo ndizo salamu, sasa nikuambie, maana siwezi kungoja.

Abraham aliitisha mkutano Jumamosi ya tarehe nane, saa nne asubuhi, uwanja wa zahanati. Nilivaa gauni langu la bluu, nikaenda na baba yako. Nilipotokea watu walinipisha njia. Mama mmoja alimvuta mtoto wake nyuma ya sketi. Miguu ilitaka kurudi, Rhobi, nisikudanganye. Masanja alikuwa amekaa mbele kwenye kiti chenye mikono, amezeeka, kofia kichwani. Debora alikaa chini na wanawake.

Nililitoa jiwe nikaliweka mezani. Watu wakarudi nyuma. Nikaanza kusoma. Kwenye miaka bilioni nikasikia mtu nyuma anasema, "Ngapi?" Nikarudia. Nilipofika pale pasipokuwa na Mjita wala Mkurya wala Mzungu, wakacheka. Kicheko cha kwanza nilichocheka na watu wa Bugwema tangu niondoke.

Masanja akasimama. "Hizo ni namba za Ulaya. Nani alikuwepo akahesabu?"

Nikamwambia, "Aliyehesabu ni mtoto wa Mseti. Unamjua, umemlisha viazi hapa."

Kabla hajajibu, bibi mmoja wa nyumba ya jirani, ambaye enzi zile alikuwa akinisalimu kwa kope tu, akasema kwa sauti, "Masanja, na wewe ulikuwepo ukamwona Marieta akiliita?"

 Masanja akaivuta kofia chini usoni.

Hapo Debora akasimama. Miaka yote sikuwahi kusikia sauti yake mkutanoni. Alisema, "Gody alikufa kwa malaria." Masanja akamwambia, "Kaa chini." Hakukaa. Akasema, "Daktari kule Bunda alituambia palepale kitandani. Malaria imepanda kichwani, mmechelewa siku mbili. Tulichelewa kwa sababu ulisema tumalize kuvuna pamba kwanza. Tukiwa njiani kurudi ukaniambia nisimwambie mtu. Nami nikanyamaza, Marieta akaondoka na kitanda chake kwenye gari, na mimi nimesimama namwangalia. Leo nimechoka kunyamaza."

 Rhobi, Debora alinijia akilia, akapiga magoti. Nikamnyanyua. Nikamwambia, "Simama. Na mimi nilimlilia Gody, ila nililia peke yangu. Sasa tulie wote." Tukalia mbele za watu, bila haya. Masanja alivua kofia akatoka kwenye kile kiti, akakaa chini kwenye udongo. Hakusema samahani. Alisema tu, "Ni kweli." Nilikuwa nimemwandalia maneno ya kumwambia miaka kumi na minane. Halikuja hata moja. Nikamwacha.

Abraham aliuliza watu, "Mama Marieta ana kosa gani kijijini hapa?" Wakajibu kwa pamoja, "Hana!" Akauliza tena, wakajibu kwa nguvu zaidi. Ikaandikwa kwenye muhtasari, nikaomba niusome kabla haujagongwa muhuri, nikausoma. Shamba la Amos ni langu, nyumba ni yangu, na waliovunja mlango waurudishe. Halafu vigelegele! Wanawake walinizunguka mpaka skafu ikadondoka. Kila mtu akataka kushika jiwe, wakapanga mstari kama wa kupiga kura, yule mama aliyemficha mtoto akamnyanyua naye alishike. Mzee mmoja alilinusa. Akasema linanuka chuma.

Wiki iliyofuata nikahamisha cherehani. Jumamosi niliamka nikakuta watu kumi na wanne shambani na jozi mbili za ng'ombe na plau. Debora alikuwa mbele ameshika kamba. Sikuwa nimemwomba mtu. Mpaka saa tano shamba lote lilikuwa limegeuzwa, udongo mweusi, unanukia mvua. Tukapanda mahindi na kunde. Mwalimu wa shule ya msingi amekuja kuomba jiwe likakae siku mbili darasani, nimemwambia wanafunzi waje wao kwangu, nitawaeleza mwenyewe. Walikuja themanini. Niliwaambia habari ya Dunia kugongwa, na binti mmoja akauliza, "Bibi, iliumia?" Nikamwambia iliumia sana, iliyeyuka nusu nzima, na ndipo tukapata Mwezi. Kama nimekosea, nirekebishe.

Ukija Desemba usishukie Musoma. Shukia Bunda, nitamtuma Abraham akupokee. Mahindi yameshaota, yananifika kifundoni, na sasa hivi naenda kuyapalilia.

Mimi shangazi yako, mwenye shamba,
Marieta Machage